Kicheko Changu Kwenye Theluji

Iko siku moja naikumbuka, Nasra, wewe ninayekuita mwanangu ingawa sikukuzaa, na tangu Jumapili uliponisimulia jinsi wenzako wa kazini huko Plano walivyokusukuma bwawani na nguo zako, imekataa kunitoka. Ulisimulia huku unacheka. Macho yako hayakucheka. Mimi si mwepesi wa maneno na shule yangu iliishia darasa la nane. Nikaona heri niandike, labda kwenye karatasi nitakosea kidogo kuliko kwa mdomo.

Wakati huo nilikuwa msichana, nimeposwa na Salim. Mimi na marehemu mama tulikaa hapa Gulfton, Houston. Salim alikuwa na kazi ya ofisini Plano, karibu na Dallas, kama wewe. Nataka nimtendee haki: hakuwa mtu mbaya. Mama alipolazwa, Salim ndiye aliyekuja kwa gari kutoka Dallas kila mwisho wa wiki, na hakuwahi kutusimanga. Liweke hilo moyoni sasa hivi, kwa sababu hasira ikinipanda nitalisahau.

Basi akasema twende tukajifunze kuteleza kwenye theluji. Lilikuwako jumba kubwa karibu na Dallas, nje jua la kuyeyusha lami, ndani theluji ya mashine na mteremko mrefu. Tulikwenda na rafiki zake watatu, na shangazi yake, Bi Zuhura, aliyemlea tangu mdogo, ambaye alikuwa jirani yetu Gulfton. Bi Zuhura aliketi nyuma ya kioo na sweta mbili na chupa yake ya chai. Alisema baridi anaijua ya friji, na hiyo yamtosha.

Tukapewa viatu vigumu kama chungu na mbao mbili ndefu za kufunga miguuni. Mwalimu, msichana wa Kimarekani mwenye subira, akatukusanya sisi wageni chini kabisa, mahali tambarare. Somo lake la kwanza halikuwa kuteleza, lilikuwa kusimama: visigino nje, ncha za mbele zikaribiane. Yeye alisema umbo la kipande cha piza. Mimi niliona sambusa. Nikajaribu, nikaanguka, nikajaribu tena, nikakaribia kuweza.

Salim akaja. "Rukia, hii class ni ya watoto bwana. Twende juu, nitakushika."

"Sijajua kusimama."

"Si nipo? Usi-worry."

Nikaenda. Hakunibeba, niliupanda ule mkanda wa kupandishia watu kwa miguu yangu mwenyewe. Kule juu akanishika mkono kweli. Kisha akauachia, akateleza mpaka chini, akageuka na simu mkononi. Rafiki zake walikuwa pale wanamngoja. Walikuwa wamepanga.

"Bibi harusi, shuka! Bwana anangoja!"

"Au hata harusini utakuja kwa kutambaa?"

Mbao zikaondoka zenyewe. Sambusa ikanitoka kichwani. Nikashuka ninapiga mayowe, nikampita mtoto mdogo kwa upana wa kiganja, na hilo ndilo linalonichemsha damu mpaka leo. Yule mtoto alikuwa na kosa gani? Nikagonga wavu wa pembeni, goti likajipinda chini yangu.

Wakacheka. Salim alicheka mpaka akainama. Na mimi, nimelala pale, theluji imeingia shingoni, goti linawaka moto, nikacheka. Nikacheka kuwashinda wote, nisionekane nimekasirika. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo nilivyofunzwa.

Hebu fikiria, mwanangu. Kwetu mtu akijikwaa kwenye mkeka tu, nyumba nzima husema pole, hata anayekata vitunguu jikoni na hakuona kitu. Pale tulikuwa Waswahili watupu, na hakuna aliyeitamka. Aliyekuja mbio ni mwalimu, mgeni wa watu, kuniuliza kama nimeumia.

Nyuma yake nikamwona Bi Zuhura. Ametoka kwenye kioo chake, anakuja juu ya theluji na makubazi, baibui ameishika mkononi isiburuzike.

"Pole, mwanangu. Pole sana." Akanigusa goti. Kisha uso ukambadilika. "Na wewe wacheka nini?"

"Ni mzaha tu, Shangazi."

"Hao nitawafikia. Nakuuliza wewe. Umeumia, wacheka. Sasa huyu kijana atajuaje kuwa ameumiza mtu?"

Akamgeukia Salim. "Mzaha mzaha, hutunga usaha. Mimi sikukulea hivi. Mwambie pole."

Salim akawatazama rafiki zake kwanza. "Shangazi, kashacheka mwenyewe! Mbona mnaleta drama?"

Kashacheka mwenyewe. Ushahidi nilikuwa nimempa mimi. Hasira iliyonishika pale haijapata kunishika tena. Nikasema mbele ya rafiki zake wote: "Sikufurahi. Niliogopa, nimeumia, na ningemvunja mtoto wa watu. Niombe radhi."

Akaangalia simu yake. Video alikuwa ameshaituma kwenye kundi la familia zetu mbili.

Hatukurudi Houston kwa gari lake. Bi Zuhura, damu yake Salim, alipanda basi pamoja nami, akaweka sweta yake moja chini ya goti langu, na njia nzima akawa ananimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa.

Siku kadhaa baadaye Salim alipiga simu akasema pole, na nadhani aliisema kwa moyo. Pole niliipokea. Posa niliirudisha. Nasikia leo ni mume mwema kwa mwanamke mwingine, nami nafurahi kweli. Huenda ningengoja angekuwa mwema kwangu. Sijui, na swali hilo hunirudia. Lakini hasira ile sijaijutia hata chembe.

Basi mwanangu, neno langu ni hili: ukiumizwa, usicheke. Si lazima utukane. Sema, nimeumia. Mwenye utu atasema pole. Atakayekwambia hujui mzaha, amekwisha kujitaja. Kesho ukifika kazini waambie wale wenzako, kwa sauti yako ya kawaida. Wakiona haya, wasamehe. Na siku mwenzako akianguka, pole yako iitangulie simu yako.

Mungu akupe watu wa kukuinua, akutie nguvu za goti na za ulimi. Na kila atakapokupandisha juu, asikuachie mkono kabla hujajua kusimama.