Mshale Uliomshusha Bibi Harusi

Nichekeni taratibu, maana bado natengeneza magari hapa Kizwite na wateja wanasoma.

Mzee Kasiani aliniletea pikapu yake ya zamani wiki ya harusi ya binti yake, Fausta. Mshale wa geji ya joto ulikuwa unapanda na kushuka ovyo. "Shikamoo mzee. Hiyo injini inachemka," nilitamka kabla hata sijafungua boneti. Nikabadilisha thamostati, nikazibua rejeta, nikafunga pampu mpya ya maji. Mshale ukaendelea kuruka. Kwa wasiwasi, nikajitolea kuendesha mwenyewe.

Jumamosi asubuhi tulielekea kanisani Kaengesa, Fausta kando yangu, baba yake na wanakwaya nyuma. Jicho langu halikubanduka kwenye geji. Ukungu ukawa mzito, nikawasha taa. Mshale ukaruka hadi kwenye nyekundu.

"Shukeni wote! Injini inaungua!"

Fausta akaruka, gauni jeupe likatua kwenye tope. Nilipofungua boneti, akaweka kiganja juu ya rejeta.

"Fundi, hapa hata chai haiivi. Mshale umepanda ulipowasha taa. Hebu zizime."

Nikazima, ukashuka. Nikawasha, ukapanda.

Mzee Kasiani akainama, akagusa waya unaounganisha injini na bodi. Ulikuwa umelegea, unacheza kama jino bovu. Akaukaza kwa vidole, na mshale ukatulia.

Wanakwaya wote walikuwa wananitazama.

"Mwanangu," mzee akasema kwa upole, "nipe funguo. Wewe kakae nyuma na kwaya."