Siku Niliyovukia Chole na Suruali ya Babu

Mimi sioni haya kirahisi. Nimeuza mbata za nazi Kilindoni tangu ndevu hazijaota, na nyumba ya saruji nimeijenga bila kujua kuandika zaidi ya jina langu, lakini hii nitakayowasimulia ikitajwa mbele ya wakwe zangu mpaka leo najifanya sisikii.

Alikuja binti mmoja, Zuhura, anakusanya nguo za zamani za Mafia zionyeshwe kisiwani Chole, watu wajue wazee wetu waliishije. Moyo wangu ukaruka, maana hapa kwetu zipo koo zenye mashamba ambazo tangu nazaliwa zinasema babu yangu alikuwa mkwezi tu wa minazi yao, na mimi kwenye kasha la marehemu mama nina suruali ya babu, ya hariri, nyekundu ya mistari. (Nani kaniambia ni ya babu? Hakuna. Nilijiambia mwenyewe, na mimi hujiamini.) Mkwezi gani anavaa hariri?

Zuhura akanionya. "Mzee Faki, ilete imefungwa kwenye shuka nyeupe. Usiifue, usiipige pasi, na tafadhali usiivae."

Mtu aliyezaliwa juzi anikataze nguo ya babu yangu! Asubuhi ya maonyesho nikaivaa, shati na koti juu, ili wenye mashamba waione ikitembea. Ilinibana kweli, na chini kwenye vifundo ilikuwa na vitambaa vya kukunjwakunjwa pande zote (nikasema hivi ni vya kuzuia mchanga, babu alikuwa na akili).

Nikapanda mashua pwani ya Utende. Kufika Chole maji yamekupwa, wenzangu wanapandisha suruali na kushuka, yangu imebana haipandi, nikamwambia nahodha Juma anibebe.

"Mgongoni, mzee?"

"Mgongoni utaikunja. Nibebe mikononi."

Akanibeba mikononi huku anahema, na wanawake waliokuwa pwani wakanitazama miguu, wakatazamana wao kwa wao, halafu vigelegele! Nikasema leo heshima imefika. Nikawapungia mkono, vikazidi. Mmoja akaanzisha wimbo wa harusi na makofi, nami (Mungu anisamehe) nikawa natikisa kichwa kufuata mapigo.

Juma akanitua mbele ya Bi Mwanaidi, mkongwe kuliko wote Chole, aliyenijua nikitambaa.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, mwanangu. Bwana harusi yuko wapi?"

"Bwana harusi gani?"

"We Faki, umevaa marinda, suruali ya kike ya zamani! Hayo ya bibi yako Saada. Nilikuwa mtoto, namwona nayo kila Idi."

"Ni ya babu," nikasema.

"Babu yako alikuwa na kikoi kimoja. Siku kinafuliwa, haonekani nje."

Ufukwe wote ukaangua kicheko, na wale wenye mashamba, waliokwisha fika kwa maonyesho, ndio wa kwanza. Nikageuka nirudi chomboni kwa hatua ndefu, hatua ambayo suruali ile haikushonewa, ikalia traaa! nyuma, kutoka kiunoni mpaka karibu na goti. Zuhura, aliyekuja pwani kunipokea, akapiga ukelele kama aliyechanika ni yeye.

Bi Mwanaidi akavua kanga yake ya juu, akanifunga. Sasa hacheki. "Kaa kitako usikie. Enzi zile marinda ya hariri walivaa wake wa wenye mashamba tu. Saada akasuka mikeka, akanunua kitambaa, akashona mwenyewe. Siku aliyotoka nayo walimcheka njia nzima kama wewe leo. Kesho yake akapita palepale, nayo."

Wenye mashamba wakatazama mchanga.

Zuhura akaninong'oneza kwamba kwenye kibao cha maelezo anaweza kuandika "vazi la ukoo wa Mzee Faki" tu, yaishe, nisitirike. Nisiwe muongo, nilitaka sana kukubali.

"Andika la Saada, msuka mikeka," nikamwambia. "Na mumewe andika mkwezi."

Mpasuko Zuhura alikataa kuushona, eti katika kazi yao lililolipata vazi huachwa lilivyo na kuelezwa. Basi ukienda utakuta limeandikwa: lilivaliwa na Saada siku za Idi, likachanwa na mjukuu wake wa kiume. Wageni husoma mara mbili, kisha huuliza yuko wapi huyo mjukuu. Nimeapa, nguo iliyotoka kashani sitaivaa tena mpaka bibi kizee aitazame kwanza, hata kama ni kanzu niliyojinunulia mwenyewe.