Saa Mbili ya Marehemu

Siku hizi mtu akiniuliza nafanya kazi gani, nasema niko kwenye mambo ya kompyuta, basi. Zamani nilikuwa namvutia kiti na kumweleza mpaka achoke. Chumba changu hapa Tabora kina kompyuta moja na waya zinazopanda hadi kwenye antena juu ya bati. Kompyuta hiyo inarekodi redio zote zinazosikika mjini, kwa pamoja, mchana na usiku, na kila saa moja inakata faili, inaipa namba ya saa hiyo na kuihifadhi kwenye diski. Wafanyabiashara wananilipa niwaambie kama matangazo yao yametoka kweli. Watangazaji wananiogopa. Nilipenda kuogopwa, sitaficha.

Kompyuta ilinikera kwa jambo moja tu, saa yake ya kizungu. Mteja anaandika kwamba tangazo lake ni la saa mbili asubuhi, mimi nitafute faili namba nane. Akiandika saa tano, nitafute kumi na moja. Nikaona haya ni mateso ya bure. Nikairudisha saa ya kompyuta nyuma kwa saa sita, ikawa inahesabu kama tunavyohesabu sisi: saa mbili asubuhi ni faili namba mbili, kwisha habari. Nilijisifu kwa hilo mtaa mzima, na hata fundi aliyeniuzia kompyuta nilimcheka.

Ndipo akaja yule mama wa Ipole, kijiji cha huko Sikonge, kichwani amefunga kitambaa cheusi cha msiba, ameongozana na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa wewe unazo sauti za redio."

"Zote," nilijibu.

Akanieleza. Mumewe alikuwa mfugaji wa nyuki. Muda mfupi kabla ya kufariki alikuja Tabora, akarudi jioni akisema amehojiwa redioni saa mbili asubuhi. Hakuna aliyemsikia, maana saa hiyo watu wote walikuwa kwenye tumbaku. Wakaanza kunong'ona kwamba hakuna cha redio wala nini, mzee ana mwanamke huko mjini, mtaa wa Kitete. Akafa na maneno hayo juu yake, na msibani yakazungumzwa tena.

"Mimi nataka sauti yake tu," alisema. "Wakiisikia watanyamaza."

Shemeji alitazama dari.

Mama alitaja redio na siku. Nikafungua faili namba mbili. Muziki. Nikasogeza mbele, muziki tena. Nilifika mwisho wa faili bila kusikia hata neno moja la mtangazaji, ni dansi la zamani mtindo mmoja. Mwenye akili zake angejiuliza ni redio gani hiyo inayopiga muziki mtupu asubuhi, wakati watu wanataka habari. Mimi sikujiuliza. Nilikuwa na uhakika, na uhakika ule ulikuwa mtamu.

"Hayupo, mama," nilisema. "Labda alikwambia tu. Kompyuta haina sababu ya kudanganya."

Shemeji akaguna. Mama alikunja upindo wa kitenge chake, akaukunjua, akasema, "Haya. Asante mwanangu." Ile asante inanichoma mpaka leo.

Ripoti za wateja huwa naziandaa mwisho wa mwezi. Nilipoanza, nikafungua faili namba sita kutafuta tangazo la sabuni la saa sita mchana. Mtangazaji akasema, "Kumekucha msikilizaji, amka!" Nikatazama saa pembeni ya kioo cha kompyuta: kumi kamili. Ilikuwa saa nne asubuhi, na siku zote hizo nilikuwa naitazama saa ile bila kushtuka, kwa sababu jicho la mtu wa huku likiona kumi asubuhi linasoma nne lenyewe. Umeme ulikuwa umekatika mwanzoni mwa mwezi, kabla marehemu hajahojiwa, betri ndogo ya ndani imekufa, na kompyuta ilipowaka ikachukua saa ya kizungu kutoka mtandaoni. Yule mama nilikuwa nimemfungulia muziki wa saa nane usiku.

Nikafungua namba nane ya siku ile. Alikuwepo. Sauti nzito, ya mtu asiye na haraka.

"Ukiwa na hasira usiguse mzinga," alikuwa akisema. "Nyuki wanajua."

Mtangazaji akamuuliza kama ana salamu zozote.

"Namsalimu mke wangu. Najua saa hizi yuko shambani, hanisikii. Nitamsimulia nikifika."

Nililia, na kilichoniliza ni aibu. Nikafikiria kumtuma mtu aipeleke sauti hiyo ili mimi nisionekane. Nusura nifanye hivyo. Kesho yake nikapanda gari la Sikonge.

Nilimkuta nyumbani kwake akichambua majani ya tumbaku. Nikapiga goti kumsalimu na nikabaki palepale chini, nikamweleza yote, saa ya kizungu, umeme, na majivuno yangu. Alimwita shemeji yake, nikaweka simu katikati yetu. Shemeji alisikiliza akichora mchangani kwa kidole cha mguu. Salamu zilipofika akasema, "Ni kaka," akainuka, akaenda zake.

"Mama, nitawaambia watu wote kwamba kosa ni langu," nilisema. "Mimi ni Mwislamu, lakini hata kanisani kwenu nitasimama."

"Watu watasikia," alisema. "Wao si shida."

Akaniomba nirudie pale kwenye salamu. Nikarudia. Alikuwa ameshika jani la tumbaku, akalinyoosha kwa kiganja pole pole mpaka sauti ilipokoma.

"Juzi nilikwenda kaburini," alisema, "nikamwambia nimemsamehe uongo wake. Nimeishi naye tangu nikiwa msichana, hajanidanganya hata mara moja. Na wewe nilikuwa nimekuona siku moja tu, nikakuamini wewe."