Springi Alizozikata Fundi Cherehani

Nimeisimulia mpaka ulimi umechoka, na bado mnaniuliza ya yule fundi cherehani wa Tandika na gari lake. Haya. Alilinunua ili ampeleke mama yake kliniki ya magoti, lakini kila jioni alilizunguka, akachuchumaa, akapima kwa futi yake ya nguo nafasi iliyo juu ya tairi, akaguna. Alikuwa akiliona limenyanyuka kama suruali iliyo fupi kwa aliyeivaa. Jumapili moja akazitoa springi, akazitia alama kwa chaki ya kushonea, akazikata kwa msumeno wa chuma, taratibu, ncha ya ulimi nje. Alipozirudisha, gari likalala chini, na kweli likapendeza.

Asubuhi yake mama akatoka na mkongojo, akalitazama. “Mwanangu, humo niingie kwa magoti yapi?” Akaita bajaji. Fundi akawafuata na gari lake. Kwenye tuta la kwanza tumbo la gari likakwama, na bajaji ikapotelea mbele. Akashuka, akatuambia sie tuliokuwa pale, kwa sauti ndogo, “Nguo huwa naiachia pindo, nikikosea nafumua.” Sasa wewe uliyetaka kusikia, gari lako bado liko juu, halijakatwa springi. Jumatatu mama yule anarudi kliniki. Njoo umchukue.