Nina skizofrenia, na siku ya posa ya mdogo wangu ndugu walitaka kunificha

Wakuu, za humu ndani? Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi, leo nimeamua kufungua mdomo. Haya yamenipata mwenyewe, sikusimuliwa na binamu wa rafiki.

Ni fundi cherehani hapa Tabora. Na nina skizofrenia.

Kama umesogeza kiti nyuma, rudi tu. Haiambukizi kwa bando.

Ilianza nikiwa kazini. Nilikuwa nashonea mtaa wa Ng'ambo, kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mzee Hasham, mzee wa Kihindi ambaye ukoo wao umeuza khanga pale tangu enzi za babu yake.

Nikaanza kusikia wanaume wawili wananisema. Wanatangaza kila ninachofanya, kama mpira redioni.

"Anachukua mkasi huyo... anakata... loo, amepindisha!"

Mnacheka. Mimi niliweka mkasi chini. Nikigeuka, hakuna mtu. Nikiziba masikio, wamo humo humo.

Baadaye wakaacha utangazaji, wakaanza kunionya. Wakasema Mzee Hasham ameweka vyombo kwenye kola za mashati ili asome mawazo yangu. Nikaamini kabisa. Mawazo yenyewe ya fundi cherehani, sijui angeyauza wapi.

Asubuhi moja Mzee Hasham alinikuta nimekaa katikati ya lundo la kola. Nilikuwa nimezifumua zote, sare za shule za watoto wa watu.

"Kijana, hizi kola zimekukosea nini?"

"Wewe unajua," nikamwambia.

Hakufoka. Alikaa chini na kanzu yake nyeupe, akauchukua mkasi mkononi mwangu taratibu, halafu akatuma mtu amwite mama kutoka nyumbani, mtaa wa Cheyo.

Sasa Tabora zamani ilikuwa njia kuu ya misafara. Misafara imekwisha, umbea ukarithi barabara. Mama hajafika Ng'ambo, mtaa wa Chemchem wameshajua nimechanganyikiwa.

Na kila mtu akawa daktari.

Wa kwanza akasema ni bangi. Sijawahi hata kuvuta sigara. Wa pili akasema nimesoma sana. Wakuu, nilipata sifuri ya kidato cha nne, sijui ni kitabu gani kilichonizidi nguvu. Wa tatu akasema ni jini mwanamke kanipenda. Huyo angalau alinipa heshima.

Baba mdogo ndiye aliyeshika usukani. Anaitwa Masudi, anaishi Nzega, na hakuna jambo duniani asilolijua. Akanipeleka kwa mganga huko kijijini kwao.

Mganga akafumba macho, akatulia, akasema anamsikia marehemu babu yangu akilalamika.

Baba mdogo akatikisa kichwa kwa heshima zote.

Nikawa najiuliza: mimi nikisikia sauti nimefungwa kamba mikono, huyu akisikia anaitwa mtaalamu. Tena mimi nasikia wawili, yeye mmoja tu.

Tukarudi na dawa ya kufukiza. Sauti zikabaki palepale, ila sasa zinakohoa na moshi. Hapo natania. Hazikukohoa.

Hiki kinachofuata si cha kuchekesha.

Sauti ziliniambia chakula cha mama kina sumu. Nikaacha kula. Mama akawa anakaa mkekani mbele yangu, anamega ugali, anakula yeye kwanza, ananionyesha ulimi kuwa amemeza, ndipo ananipa tonge. Kila tonge. Mama mtu mzima, anafunua mdomo kama mtoto ili mwanawe aamini hatamuua.

Nami nilikuwa namtazama nikijiuliza huyu mama yangu wamembadilisha lini.

Ugonjwa huu ndivyo ulivyo, wakuu. Haukupi kelele tu. Unakunyang'anya watu wako huku wamekaa mbele yako.

Mdogo wangu Mwanaidi ndiye aliyekata mzizi. Alimuuliza baba mdogo mbele ya wote, "Baba, wewe ukiumwa jino unakwenda wapi?"

"Hospitali."

"Na kichwa cha kaka kina kosa gani hata kisipelekwe?"

Baba mdogo akasema maradhi mengine si ya hospitali. Mwanaidi akainuka. Alikuwa ameshafunga nguo zangu kwenye mfuko.

Hospitalini, daktari alikuwa mama mmoja mpole. Alinisikiliza hadi mwisho, hakucheka, hakuniambia naota. Akatueleza kuwa ubongo unatengeneza sauti, halafu unaisikia kana kwamba imetoka nje.

"Wewe unaisikia kweli," akaniambia. "Ila haina mwenyewe."

Baba mdogo, ambaye alikuja kusimamia, akauliza, "Kwa hiyo humo kichwani mwake wako watu wawili?"

"Hapana, mzee. Ni mtu mmoja, anaumwa."

Nikapewa dawa. Nisiwadanganye, dawa nazo zina vituko vyake. Usingizi wa kupitiliza, njaa isiyokwisha, mikono kutetemeka hadi kutunga uzi kwenye sindano ikawa mtihani. Lakini watangazaji wakaanza kushusha sauti. Siku moja nikala wali wa mama bila yeye kuonja. Alitoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Nilipopata nafuu, baba mdogo akatangaza nimepona, dawa niache, zitanifanya zezeta. Nikaacha. Mwezi haukuisha nikawa barabarani peku, naifokea nguzo ya umeme. Tukarudi kliniki, daktari akabadilisha dozi, na tangu hapo sikuacha tena.

Nikarudi kushona. Mzee Hasham alinirudishia nafasi yangu barazani bila hotuba.

Lakini jina la kichaa halifuliki. Nikicheka, "imeanza." Nikinyamaza, "imeanza." Nikimwambia mteja kuwa kitambaa chake hakitoshi suti, anamuuliza mama kama nimemeza dawa.

Ndipo ikaja posa ya Mwanaidi. Wageni wanatoka Igunga. Kikao cha ukoo kikakaa bila mimi, kikaamua siku hiyo nikamsalimie shangazi Urambo. Shangazi mwenyewe alikuwa amekuja kwenye kikao.

Mwanaidi aliposikia alisema, "Kaka akienda Urambo, na mimi naenda naye. Wageni mtawapokea nyie, na kuolewa mtaolewa nyie."

Nikabaki. Baba mdogo akanipa sharti moja: nisifungue mdomo.

Wageni wakaingia, shikamoo, marahaba, chai, vitumbua. Mzee wao, baba mkubwa wa bwana harusi, akaniangalia ninavyoshika kikombe.

"Mwanangu, mikono vipi?"

Baba mdogo akaanza kukohoa kikohozi ambacho hana.

"Ni dawa, mzee," nikasema. "Nina ugonjwa wa akili. Natibiwa, nafanya kazi, namshukuru Mungu."

Mama aliinamisha kichwa. Mimi nilijua nimevunja ndoa ya mdogo wangu kwa sentensi moja.

Yule mzee akashusha kikombe. Akaomba kuonyeshwa pa kunawa, akasema mimi ndiye nimwonyeshe.

Tulipofika uani akanishika mkono.

"Hiyo kliniki iko wapi?"

Nikamweleza.

"Tunaye kijana, mdogo wake bwana harusi. Naye anaongea na wasioonekana. Leo tumemfungia chumba cha uani kule kwetu, kakaa na mlinzi. Tuliogopa mkijua mtakataa posa."

Nilicheka, nikashindwa kuendelea kucheka, kwa sababu mzee alikuwa analia.

Kumbe koo mbili zimekaa sebule moja kwa adabu kubwa, kila moja ikificha ugonjwa uleule.

Mwanaidi ameolewa. Yule kijana yuko kwenye dawa. Hajakaa sawa bado, ana siku nzuri na mbaya, kama mimi. Huwa tunapigiana simu.

Funzo nililopata: skizofrenia ni ugonjwa kama presha, unatibika kwa dawa na uvumilivu, na mgonjwa anasikia kila mnachosema juu yake, pamoja na kile mnachonong'ona.

Haya, uwanja ni wenu. Ulizeni, bisheni, simulieni ya kwenu.

Ila kama kuna mtu umemfungia ndani ili wageni wasimwone, nenda kamfungulie kwanza. Comment yako tutaisubiri.