Bei ya Uturuki

Nianze na ng'ombe, maana bila ng'ombe hutaelewa kwa nini mwanaume mzima alikaa kwenye kibanda cha mabati Nkende, pale Tarime, akalia kwa sababu ya gemu.

Kwetu Wakurya dada akiolewa, ng'ombe wanaokuja si mali ya baba peke yake. Kila dada ana kaka aliyepangiwa, na ng'ombe wa huyo dada ndio watakaomletea kaka mke. Mimi nilipangiwa dada yangu mkubwa. Alipoolewa Matongo, kwa mwanaume anayeshinda kwenye mashimo ya dhahabu, walikuja ng'ombe kumi, na wote walihesabiwa kuwa wangu wa kuolea. Dada alikuwa akinipigia simu kunitania, maana kwetu mke aliyeletwa na ng'ombe wa dada, dada naye humwita mke wake. "Mke wangu yuko wapi? Mimi niko huku kwa watu nasonga ugali wa ukoo mzima, na wewe bado unafuliwa nguo na mama." Nilikuwa namwambia asubiri, mke mzuri hatafutwi kwa haraka.

Sikuoa. Nilimwendea baba nikamwomba ng'ombe wanne kati ya wale kumi, niwauze nifungue kibanda cha gemu.

Mzee aliniuliza mara mbili kama amenielewa vizuri. "Mura, kijana wangu, ng'ombe wa dada yako unataka kuwageuza mchezo?" Nikamweleza kwamba mchezo ni biashara, kwamba vijana wa mjini wanalipa kucheza mpira kwenye televisheni, kwamba ndani ya miaka miwili nitarudisha wanne na wawili juu. Nilikuwa na mdomo mtamu siku hizo. Siku ya nne akasema nichukue, lakini nijue kwamba ninayemla si yeye, ni dada yangu. Nikaitikia, ndiyo tata, huku akili yangu imeshafika mnadani.

Mashine ya gemu niliinunua kwa mpishi wa hoteli moja ya watalii kule Ikoma, karibu na geti la hifadhi. Televisheni nikaipata Tarime mjini, mabenchi mawili nikagonga mwenyewe. Mwaka wa kwanza kibanda kilinilipa vizuri. Mechi moja shilingi mia tano, aliyefungwa anainuka, na akiinuka anatukanwa mpaka mlangoni. Kuna fundi baiskeli mmoja alikuwa anafungwa kila siku na kila siku anarudi, anasema jana padi ya kuchezea ilikuwa mbovu. Nilikuwa napenda kazi yangu, sitaficha.

Tatizo la gemu ya mpira ni kwamba kila mwaka inatoka mpya. Wachezaji wamehama timu, jezi zimebadilika, na kijana wa Nkende ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wowote Ulaya hatatoa mia tano yake amchezeshe mtu kwenye timu aliyokwisha kuihama. Diski mpya zilikuwa zinatufikia baada ya miezi, nyingine zimekwaruzwa. Mwenye kibanda akitaka kuwahi ilibidi anunue kwenye duka la mtandaoni, gemu ishuke yenyewe kwenye mashine.

Sasa duka hilo, kabla hujanunua, linakuuliza unaishi nchi gani. Linakuwekea orodha. Mara ya kwanza nilishuka nayo mpaka mwisho, sikuiona Tanzania. Nikarudi juu nikashuka polepole kwa kidole, nikidhani nimeiruka. Haimo. Kenya nayo haimo. Kwa hiyo mtu wa huku anaanza kwa kudanganya, na wengi wetu tulijiandikisha Wamarekani kwa sababu ndiyo nchi ya kwanza kuja kichwani. Ukishakuwa Mmarekani unalipa kama Mmarekani. Dola sabini kwa gemu moja mpya, na mimi kuifikisha hiyo hela ilibidi nifungue mlango asubuhi na kufunga jioni wiki nzima, nisile.

Nilikasirika, na mpaka leo nimekasirika. Wanaopanga zile bei wanajua kabisa kwamba watu hawalingani mifuko, maana kuna nchi walizipunguzia. Gemu ileile, siku ileile, Uturuki ilikuwa chini ya nusu. Ina maana walikaa kwenye meza wakapima nani ana shida kiasi gani, nchi kwa nchi, na sisi hata kwenye hesabu ya wenye shida hatukutiwa. Kama tajiri hunitambui, kama maskini hunitambui, basi mimi nani?

Aliyenionyesha Uturuki ni binamu yangu anayetengeneza simu Isebania, upande wa Kenya, ng'ambo tu ya Sirari. Siku namlalamikia bei aliniangalia akacheka. "Kwani wewe uko na shida gani, mura? Fungua akaunti ingine, andika unaishi Uturuki. Kadi za kulipia nitakutafutia. Hakuna mtu atakuja kukucheki."

Sikuona vibaya hata kidogo, na hapo ndipo watu wasiotoka mpakani hawanielewi. Sisi tumezaliwa kwenye mpaka. Bibi yangu alizikwa Kenya, shamba lake liko Tanzania. Sukari ikishuka upande ule, tunaifuata upande ule. Mahindi yakipanda huku, wanatuletea huku. Kila mtu ana laini mbili za simu, na akiulizwa yeye ni wa wapi anatazama kwanza nani anauliza. Kuvuka kufuata bei ni jambo tulilofundishwa na mama zetu. Nikajiandika mkazi wa Uturuki, nikaweka anwani ya hoteli niliyoiona kwenye ramani, nikanunua gemu za mwaka ule kwa bei ya binadamu. Nilijiona nimeerevuka.

Mwaka wa pili, katikati ya mwaka, dada alikuja nyumbani kwa miguu kutoka barabarani, mdomo umevimba, amembeba binti yake mgongoni. Haikuwa mara ya kwanza kupigwa, ila ilikuwa mara ya kwanza kusema. Alikaa chini jikoni kwa mama akasema, "Mimi kule sirudi."

Lakini mwanamke harudi kwao mikono mitupu. Akirudi yeye, ng'ombe warudi kwa mume. Zizini walikuwepo sita. Baba aliwatuma wazee wakamwambie mkwe achukue hao sita, wengine watafuata, na mkwe akajibu kwamba alitoa kumi na anataka kumi, vinginevyo mke wake arudi, na asiporudi atakuja kumchukua mwenyewe na ndugu zake. Wazee waliporudi na jibu hilo, hakuna aliyenitazama. Baba alikuwa anaangalia kidole chake cha mguu. Wote tulikuwa tunajua wale wanne wako wapi, wako Nkende wanaonyesha mpira.

Nikasimama nikasema mpaka Desemba nitawaleta. Dada akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hela ya wawili tayari, na hiyo ilikuwa kweli. Akarudi Matongo kungoja. Kwenye bodaboda aliinama akaniambia, "Nakutegemea, mdogo wangu. Usichelewe."

Hapa ndipo ningepaswa kwenda mnadani, nikanunue wale wawili, niwafunge zizini, halafu nitafute wengine. Mtoto wa darasa la tatu angefanya hivyo. Mimi nikaona niizungushe hela kwanza. Gemu mpya ya mpira ilikuwa inatoka baada ya miezi miwili, na mwezi wa kwanza wa gemu mpya kibanda kinajaa mpaka watu wanasimama nje dirishani. Nikiwa na mashine tatu badala ya moja, nikahesabu, Desemba itanikuta na wanne na chenji. Nikanunua mashine mbili za mtumba na televisheni zake, na kilichobaki nikakitia kwenye kadi za Uturuki. Gemu zote, mpya na za zamani, nikaziweka kwenye akaunti ile moja ya Uturuki.

Gemu ilipotoka, kwa wiki tatu nilikuwa tajiri. Vijana walitoka Rebu, walitoka Sirari, mmoja alikuwa anakuja na pikipiki kutoka Nyamongo. Nilimpigia dada simu nikamwambia mambo yanakwenda. Akasema, "Mungu akubariki," kwa sauti ya chini, nikajua mume yupo.

Wiki ya nne, asubuhi, nikawasha mashine nikakuta alama ya kufuli juu ya kila gemu. Zote, mashine zote tatu. Kulikuwa na barua ya Kiingereza kwenye simu. Akaunti imesimamishwa kwa muda, wana wasiwasi kuhusu nchi ninayoishi, nithibitishe.

Niseme wazi nilichofanya, maana nimekificha sana. Pale Sirari ukikamatwa na mzigo kwenye njia ya panya, hukimbii na hubishi. Unashuka kwenye baiskeli, unavua kofia, unasema, "Shikamoo afande." Unasema ukweli wote: ndiyo mzee, nimekosa, ni sukari, nyumbani kuna watoto, bei ya huku imetushinda. Askari anafoka, anakuita mjinga, anakuuliza ukoo, na mara nyingi unakuta anamjua mjomba wako. Mzigo unapungua kidogo, unaondoka. Anayenyamaza au kudanganya ndiye anayelala ndani. Hivyo ndivyo nilivyolelewa kuongea na mpaka.

Basi nikawaandikia. Nilikaa nusu siku na kamusi ya simu. Nikaanza kwa salamu, nikauliza hali zao. Nikawaambia mimi si mtu wa Uturuki, sijawahi kufika, ni Mkurya wa Tarime, nchi yangu haimo kwenye orodha yao, nikaona bei ya kule inafanana na mfuko wangu. Nikaomba msamaha. Nikawaeleza habari za dada yangu na ng'ombe wanne, na Desemba. Nikawaambia kama kuna cha kuongeza niongeze, ila wanifungulie mpaka mwisho wa mwaka. Nilipotuma nilipumua, kwa sababu nilikuwa nimesema ukweli.

Jibu lilikuja kabla sijafika kwenye kibanda cha chai. Wanashukuru kwa kuwasiliana nao. Kwa kuwa mwenye akaunti amekiri kutoa taarifa za uongo, akaunti imefungwa moja kwa moja na gemu zilizomo hazitarudishwa, wala hela. Sidhani kama kuna mtu aliyeisoma ile barua yangu.

Binamu alipoiona alikaa chini kwenye kochi lake lililojaa simu mbovu. "Umewaandikia nini, mura? Si ungenyamaza? Ungesema uko safarini. Wengine wamesema hivyo wakafunguliwa." Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema hakujua kama kuna mtu anaweza kuwaandikia wale watu ukweli.

Ndiyo siku niliyolia, nimefunga mlango wa kibanda, wateja wako nje wanagonga wakidhani nimelala. Nililia kwa hasira kwanza, kisha hasira ikaisha ikabaki aibu tu. Kufikia Ijumaa walikuwa wamehamia kibanda cha jirani, fundi baiskeli akiwa wa kwanza. Mashine bila gemu haina bei. Nilizizungusha Tarime nzima, na zote tatu na televisheni zake zilinipa ng'ombe mmoja na mbuzi. Nikawapeleka zizini. Baba aliwapokea akawafungia. Kesho yake alivaa koti akaenda mwenyewe Matongo kumbembeleza mkwe achukue saba na mbuzi. Alirudi jioni, koti liko begani, akaenda moja kwa moja kulala.

Desemba dada alinifuata Nkende. Aliingia kwenye kibanda kitupu, akatazama ukutani palipokuwa na televisheni, akakaa kwenye benchi. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari ya Uturuki, orodha, bei, kufuli. Nikaanza. Alinisikiliza kwa adabu kama mgeni, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo hawapo?"

Nikamwambia hawapo.

"Nguo nilikuwa nimeshazifunga tangu Jumapili," akasema. "Nitazifungua." Akaomba maji, akanywa, akanishukuru, akaenda kutafuta pikipiki ya kumrudisha. Sikumsindikiza.

Hiyo ni miaka mitatu sasa. Mimi nalima, na kila mnada naenda kuangalia bei za ndama na kurudi mikono mitupu. Mwezi uliopita tulikutana kwenye msiba wa shangazi. Nilimwona amekaa na wanawake, nikamsogelea kutoka pembeni nikasema, "Shikamoo, dada." Hakuitikia. Nikarudia. Nikajua amenichoka, na nikaona ana haki, nikaanza kuondoka. Mwanamke aliyekaa naye akamgusa mkono, akageuka, akaniona, uso ukafunguka kabisa. Akanivuta shati nizunguke upande wa pili.

"Njoo ukae huku," akasema. "Sikio la huko halisikii tena."