Shoka, fununu na miti yetu ya viwavi: nilivyomsaka aliyeanzisha maneno

Wakuu, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mzee, na humu nimezoea kusoma tu, kwa sababu wengi wenu huandika "inasemekana" kana kwamba huyo Inasemekana ni mtu mwenye anwani. Nitakayosimulia niliyaona mwenyewe. Nisichokiona nitasema sikukiona.

Ilikuwa miaka ile Katanga ilipojitenga, hapa Lubumbashi, wakati huo ukiitwa Elisabethville. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye tai mbili na maoni mengi.

Nyuma ya nyumba zetu, upande wa Kampemba, palikuwa na kimsitu. Kila mwaka mvua zikianza, miti yake hujaa viwavi wa kuliwa, binkubala. Vita vilipofanya malori ya chakula kutoka mpakani Mokambo yaadimike, viwavi hao ndio walikuwa kitoweo tulichotegemea kulia bukari, yaani ugali wetu.

Jumamosi moja asubuhi nikakuta mtaa mzima unanoa mashoka. Niliambiwa kwamba wanajeshi wanakuja Jumatatu kukata miti yote. Basi heri tuwatangulie, tuichome makala, yaani mkaa wa kupikia.

Aliyenoa kwa bidii kuliko wote alikuwa jirani yangu Tata Kalala, mzee mstaafu wa reli.

"Tata, hao wanajeshi umewaona?"

"Kuona ya nini, Mwalimu? Kila muntu anajua."

"Kila mtu nani?"

"Uliza Mama Kapinga. Na uache kuniuliza sawa vile miye niko mutoto wa masomo."

Mama Kapinga, muuza mawese, alisikia kwa fundi cherehani. Fundi cherehani alisikia kwa mke wa katekista. Nikazunguka na daftari, nikiandika kila jina, tai ikinibana shingo.

Mke wa katekista alicheka mpaka akakaa chini.

"Njo weye mwenyewe, Mwalimu. Binti yangu alitoka kwa masomo, anasema: Mwalimu amesema basoda batakata miti kuanzia Lundi."

Basoda, yaani wanajeshi; Lundi, yaani Jumatatu. Wakuu, nilikumbuka. Nilikuwa nimeandika hesabu ubaoni: askari wakikata miti minne kwa siku, kuanzia Jumatatu, kimsitu cha miti sitini kitaisha siku gani?

Nilifikiri kurudi nyumbani kimya. Lakini mashoka yalikuwa yameshaelekea msituni, na bila miti ile tungekula bukari na chumvi. Nikawakimbilia, nikakiri mbele ya wote. Walicheka kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Hata hivyo, Tata Kalala hakushusha shoka.

"Ata kama ni bongo, ni uwongo tu, mwingine atakata. Miye nitakata yangu mbele yake."

Nikaona wengine wanatikisa kichwa kumkubalia. Fununu ilikuwa imekufa, lakini hofu yake ilikuwa bado inatembea.

Hapo Mama Kapinga aling'oa nyasi, akazisokota, akazifunga kwenye shina la mti mmoja. Ni desturi ya zamani: mti uliofungwa nyasi, viwavi wake wana mwenyewe, na hakuna anayeugusa.

"Huu ni wa kwangu," akasema. "We, Kalala, unataka mti gani?"

Mzee akatazama huku na huku, akaona watu wanaanza kung'oa nyasi. Alitupa shoka, akakimbilia mti mkubwa kuliko yote. Kabla ya saa sita kila nyumba ilikuwa na miti yake.

Mvua ziliponyesha, tulikula binkubala mpaka tukawakausha wa akiba. Tata Kalala aliulinda mti wake hata dhidi yangu mimi niliyepita tu njiani. Wanajeshi? Sikuwaona pale, kwa hiyo sina la kusema juu yao.

Leo wajukuu zangu hunitumia sauti za simu kuhusu mito kukauka na misitu kwisha. Bado nawauliza: nani ameona? Ila nimejifunza kuongeza swali la pili: na mti wako wewe ni upi? Maana siku ile ukweli wangu uliwachekesha watu, lakini mashoka yaliwekwa chini kwa nyasi za Mama Kapinga.

Karibuni mseme jinsi mtaa wenu ulivyoamua kuhusu mto, kisima au msitu wake. Aandike aliyekuwapo. Aliyesikia tu, aje na aliyemwambia.

Na kwa wapenda hesabu, jibu ni Jumatatu ya tatu.